Kipande Kilichofika Maskati

Wa kwanza kumgombeza alikuwa muuza ndizi wa soko la Mwanakwerekwe. Bi Mwanamwema alikuwa ameinama anachagua ndizi zake za kupika, hana habari na mtu, mara akahisi anatazamwa. Kuinua macho, akamkuta yule mwanamke, mgeni kwake kabisa, anamkodolea macho kama aliyemwona mtu anayetafutwa.

"Samahani, Bi. Wewe si ndo yule mama wa kwenye simu?"

"Simu ya nani?"

"Mie sikujui na wewe hunijui. Lakini mtoto ni mtoto, hata akikosa. Mpe radhi zake. Ukifa naye hivyo itakuwaje?"

Bi Mwanamwema akacheka. Kujulikana na watu asiowajua hakukuwa kitu kigeni kwake siku hizi. "Ah, ule mchezo tu, mwanangu. Hati ya Nyumba. Ulikuwa ukioneshwa kila Alhamisi."

Mwanamke yule hakucheka. "Mchezo," akasema, na uso wake ukamalizia yaliyobaki, kwamba hata haya huna. Akazitia ndizi mfukoni bila ya neno jingine.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, na wa tatu mzee mmoja mwenye bakora nje ya msikiti, huyo wala hakuuliza kama ni yeye, alianza tu kumnasihi. Bi Mwanamwema alifika kwake Jang'ombe kichwa kinamwanga. Akakaa kwenye kiti chake sebuleni, buibui hajalivua, akawa anajiuliza amefanya nini na amemfanyia nani.

Hapa inafaa Bi Mwanamwema ajulikane vizuri, maana wale waliomgombeza hawakuwa wakimjua. Ni mjane. Mumewe, Mzee Mkubwa, alikufa akamwachia nyumba na mtoto mmoja, Kheir, anayefanya kazi Maskati na mkewe Shahida yuko naye huko huko. Bi Mwanamwema anatengeneza vileja na visheti vya harusi, na kwa vileja vyake nusu ya Jang'ombe inamdai heshima, au yeye ndiye anaidai. Hilo halijawahi kuamuliwa. Uigizaji hakuutafuta. Ulimkuta nyumbani.

Ilikuwa hivi. Mmanga, muongozaji wa michezo ya televisheni mwenye kijiofisi chake Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, alikuwa anatafuta nyumba ya kupigia mchezo. Michezo yetu haijengewi majumba ya bandia. Huombwa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba huwapikia chai. Kamera ikaja, taa zikaja, waigizaji wakaja, isipokuwa mwanamke wa kucheza mama, ambaye mumewe asubuhi ile alibadili mawazo. Mmanga akashika kichwa. Akazunguka sebule nzima akilalamika, kisha akamwona mwenye nyumba amesimama mlangoni na sinia la vileja.

"Bi Mwanamwema," akasema, "hebu kaa pale kwenye kiti chako, ugombe kidogo."

Akakaa, akagomba. Tangu siku hiyo akawa mama wa mchezo. Jina wakamwachia lake mwenyewe ili asichanganyikiwe akiitwa. Nguo zilikuwa zake, kiti chake, na ukutani nyuma yake ilibaki Ayatul Kursi ile ile aliyoitundika marehemu. Maneno nayo yalikuwa mistari michache kwenye karatasi; yaliyozidi, Mmanga humwambia, "Sema anavyosema mama." Mwanawe katika mchezo alikuwa Jecha, kijana wa makamo, mcheshi, fundi wa mabomba siku zote isipokuwa za kupiga picha. Katika Hati ya Nyumba, Jecha anaiuza nyumba ya mama yake kwa siri, mama anagundua, anamnyima radhi, na mwishoni, baada ya mtoto kuhangaika sana, anamsamehe. Ni kisa cha kawaida. Watu walikipenda kwa sababu walikuwa wanakijua.

Kila Alhamisi baada ya Isha wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwa Bi Mwanamwema kumtazama Bi Mwanamwema. Jirani yake Duni ndiye aliyekuwa akistarehe zaidi. Alitazama televisheni, akageuka kutazama kiti, akageuka tena, kuhakikisha kwamba mto ulio mle ni huu ulio huku. Jecha akipita mtaani Duni alimtukana kwa kuuza nyumba, kisha akamwita ndani anywe chai. Hakuna aliyechanganya mambo. Mchezo ulianza kwa ngoma yake, nembo ya kituo iko pembeni, ukaisha kwa majina ya watu, na kila mtu akaenda kulala anajua ametazama mchezo.

Mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni Kheir. Kheir alipokwenda Maskati alibadilika akawa mtu wa dini sana, mwenye makatazo. Aliwahi kumkataza mama yake hata asipigwe picha harusini. Bi Mwanamwema akaona hakuna haja ya kumsumbua mtoto na habari ambayo hataipenda, akajiambia atamwambia siku akija. Wala hakuogopa kwamba ataona. Televisheni yenyewe ukenda nayo Bwejuu, kisiwani hapa hapa, ilikuwa inaonesha chenga tupu. Maskati ingefika vipi? Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na ni kosa la mtu aliyeijua televisheni tangu ilipokuwa na antena. Alidhani kitu kinaishia pale antena inapoishia.

Kisha mchezo ukakatishwa. Kituo kilimwita Mmanga kikamwambia watazamaji wamekimbia, na wenye matangazo nao wamewafuata. Watu hawangoji Alhamisi tena. Mchezo ukioneshwa leo, kesho umeshaibwa, umekatwa vipande umetiwa mtandaoni, na mtu anautazama kitandani kwake, bila ya kituo kujua wala kufaidika. Sehemu ya mwisho, ile ya mama kumsamehe mtoto, ilikuwa imeshaandikwa. Haikupigwa. Bi Mwanamwema alijaribu kuielewa habari hii akashindwa. Mchezo umekufa kwa kukosa watazamaji, na yeye sokoni hapiti kwa kutazamwa.

Lakini hilo silo lililokuwa likimsumbua wiki zile. Lililomsumbua ni kwamba Kheir alikuwa kimya. Ilikuwa ada yake kupiga simu kila Ijumaa baada ya sala, na mara ya mwisho alipiga kwa furaha: amepata nafasi ya kwenda Hija mwaka huu. Mtu wa kwao haendi Makka kimya kimya. Huwaendea wazee wake kwanza, akawaomba radhi, na aliye mbali hupiga simu. Bi Mwanamwema alikuwa ameshayatayarisha maneno ya kumwambia siku hiyo. Ikapita Ijumaa, ikapita nyingine. Akipiga yeye, simu inaita mpaka inachoka. Akituma sauti, tiki mbili zinageuka buluu na hakuna jibu.

Siku ile ya kugombezwa, jioni, Jecha alikuja kuchukua vileja vya harusi ya binamu yake. Akamkuta bado kitini na buibui lake.

"Shikamoo, Mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Jecha, nimefanya nini kwenye simu?"

"Nlidhani unajua," Jecha akasema, akatoa simu yake.

Kilikuwa kipande kifupi. Skrini imesimama wima, na ndani yake yuko Bi Mwanamwema peke yake, uso umejaa toka juu mpaka chini. Nembo ya kituo hakuna, majina hakuna, ngoma ya mchezo imeondolewa ikatiwa kasida ya huzuni. Juu yake mtu ameandika: Mama amnyima radhi mwanawe. Jecha hayumo. Picha ya televisheni ni pana na ya simu ni nyembamba, na katika kupunguza, Jecha akaenda na ukingo.

"Mie wamenitupa," akasema kwa uchungu wa kweli. "Tazama hapa, kimebaki kiwiko changu."

Akamtajia idadi ya watu waliokitazama kipande kile. Haikumwingia akilini; Unguja yote, pamoja na Pemba yake, haina watu hao. Chini yake watu wasiojuana walikuwa wakigombana: wengine wanamwombea dua yule mtoto, wengine wanasema mama ana haki, mmoja anauliza anakaa wapi aende akamsuluhishe.

"Washa sauti," Bi Mwanamwema akasema.

Akajisikia mwenyewe, kwa sauti ambayo hakumbuki kama anayo.

"Nlikungoja. Baba yako kalala pale, watu wananambia tumzike, nnawambia ngojeni, mwanangu yuko njiani. Mpaka alasiri. Hukuja. Arubaini nayo hukuja. Basi radhi zangu huna, na maziwa yangu sikuhalalishii."

Kipande kikaisha, kikaanza tena chenyewe. Bi Mwanamwema akaweka mkono juu ya skrini.

"Haya yalikuwamo kwenye karatasi?"

"Hayakuwamo. Umesahau? Wewe ulitakiwa useme habari za nyumba. Baba wa kwenye mchezo kafa zamani, na mie nakaa humu humu ndani, ningekuja kutoka wapi? Lakini ulilia, na mie nkalia, Mmanga akasema acheni hivyo hivyo, ni kizuri. Na watu hawakujali."

Watu hawakujali kwa sababu walikuwa wanalia. Lakini Mzee Mkubwa hakufa katika mchezo. Alikufa kweli, katika chumba kilicho nyuma ya ukuta ule wenye Ayatul Kursi, na aliwekwa mpaka alasiri akingojewa mtoto mmoja, wazee wa mtaa wameanza kunong'ona kwamba maiti haicheleweshwi hivi. Mtoto hakuja. Alisema hakupewa ruhusa kazini. Mama yake akasema hakuna neno, Mungu atamlipa, na tangu siku hiyo hakumgusia tena. Miaka imepita hakumgusia. Alidhani ameshasahau, na watu nao walimsifu kwa subira yake.

"Jecha," akasema, "hii inafika Maskati?"

"Mama, hii inafika popote."

Usiku ule hakulala. Asubuhi alimpigia Shahida, mkwewe, na Shahida akapokea, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza jikoni ili asisikiwe chumbani.

"Kaletewa na mwenziwe kazini, Mama. Kamuuliza, huyu si mama'ako huyu? Tangu siku hiyo hali vizuri. Hija anasema haendi. Anasema atasimamaje Arafa na mama yake kamkataa mbele ya walimwengu?"

"Mwambie ni mchezo, Shahida. Mchezo wa televisheni."

"Mchezo gani, Mama?" Shahida hakuwa na ukali, alikuwa amechoka tu. "Umekaa kitini kwako. Kanga uliyovaa nlikuletea mie. Na yale maneno anayajua ni ya nani. Wenziwe wanaondoka wiki ijayo na yeye hata sanduku hajaligusa."

Bi Mwanamwema alishusha simu asijue aanze kulia wapi. Mwanawe alikuwa anaikosa Makka kwa ajili ya kiti chake na kanga yake. Akamwita Duni, Duni akamwita Jecha, na wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja. Duni, mwenye kupenda mambo mepesi, ndiye aliyetoa shauri: Kheir atumiwe mchezo wenyewe, mzima, na ngoma yake na majina yake, auone kwa macho yake. Jecha akautafuta mtandaoni mpaka simu ikapata moto. Alipata vipande tu. Mama anagomba, mama analia, mama ananyima radhi, mama ananyima radhi na maandishi ya Kituruki. Mchezo wenyewe haupo.

"Twende kwa Abdulla," Jecha akasema.

Duka la Abdulla limo kwenye kichochoro nyuma ya Darajani, na kazi yake ni kujaza watu filamu na michezo kwenye flashi zao. Abdulla alipoona nani anaingia alisimama, akatoka nyuma ya meza, akampa kiti chake. Ukutani, kati ya Wahindi na Wakorea, ilikuwamo picha ya Bi Mwanamwema amekunja uso.

"Bi Mwanamwema. Karibu, karibu sana. Wallahi umenlea wewe. Hati ya Nyumba nimejazia mji mzima, mpaka wa Nungwi wanakuja."

Bi Mwanamwema akakaa. Mtu anamwibia kwa miaka, na anamwibia kwa heshima zote, anamtilia na sharubati kwenye glasi. Alitaka kukasirika, lakini sharubati ilikuwa baridi na yeye alitoka juani.

"Ni wewe uliyenikata?" akamuuliza.

Abdulla akaumia. "Mie? Mie natoa mzima mzima, na majina yote nayaacha, hata ya aliyepika chai. Wanaokata ni hao wa mtandaoni, hawana adabu. Wanachukua kwangu mie, nshahangaika kuurikodi, wanaukatakata wanajifanya wao ndo wenyewe. Wananiibia, Bi."

Jecha akacheka mpaka akatoka nje. Bi Mwanamwema hakuona cha kuchekesha; alikuwa anajaribu kupanga kichwani nani amemwibia nani, na kila akimpanga mmoja, mwengine anatoka mahali pake. Abdulla akawajazia mchezo wote aliokuwa nao, bure, kwa mkono wake. Ila aliuliza, kwa unyenyekevu, sehemu ya mwisho inatoka lini, watu wanamsumbua.

Hapo ndipo Bi Mwanamwema alipoiona shida yenyewe. Kheir akitazama mchezo wote toka mwanzo mpaka mwisho, ataona mama anamnyima mtoto radhi, na mchezo unaishia hapo hapo. Msamaha haupo. Haukuibwa wala haukukatwa. Haukufanywa.

Mmanga alipoelezwa, kijiofisini kwake Mkunazini, uso ulimchangamka ghafla. Toka mchezo ukatishwe alikuwa amekaa tu na mafaili yake. "Basi tuipige," akasema. "Leo. Sihitaji kituo, sihitaji taa. Simu yangu inatosha. Tunaipiga, tunaitia mtandaoni sisi wenyewe, Kheir ataiona na dunia itaiona, yatakwisha."

Alasiri wote wakawa sebuleni Jang'ombe. Mmanga alitundika simu yake kwenye kijiti chenye miguu, akaifunga wima, akisema siku hizi watu wanatazama wima. Bi Mwanamwema akakaa kitini. Jecha akapiga magoti, mara hii karibu kabisa na mama yake, asije akakatwa tena. Duni akasimama mlangoni na kanga mdomoni, yuko tayari kulia.

"Haya, Mama," Mmanga akasema. "Msamehe."

Bi Mwanamwema akamtazama Jecha. Akafungua mdomo. Jecha akangoja, macho yameshajaa machozi, maana machozi ya Jecha yako karibu. Neno halikuja.

"Sema tu anavyosema mama," Mmanga akamkumbusha.

"Nikimpa Jecha hizo radhi, Kheir atapata nini?"

"Ataona kuwa ulikuwa mchezo."

"Na kama haukuwa?"

Mmanga akamtazama Jecha, Jecha akamtazama Duni. Bi Mwanamwema alikuwa amechanganyikiwa kuliko siku ile ya ndizi. Siku ile ya kumnyima radhi alikuwa anaigiza, na aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Leo anataka kusamehe kwa kweli, na anaambiwa aigize. Akikosea hapa mwanawe haendi Makka. Akipatia hapa, huenda akaenda na radhi za Jecha.

"Nipigie Shahida," akamwambia Jecha. "Ya kuonana. Mwambie ampelekee Kheir simu chumbani, asimuulize kama anataka."

Ikaita. Shahida akaonekana, kisha dari ya nyumba ya Maskati, kisha mlango, kisha Kheir amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kanzu ya nyumbani, ndevu hazijatengenezwa. Amekonda. Bi Mwanamwema moyo ulimuuma kumwona, akasahau alichotaka kuanza nacho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huli?"

"Nakula. Shahida kanambia kuna mchezo."

"Upo. Na mie nimo. Nlikuficha, nlijua hutopenda."

"Kwa hivyo yale maneno ni ya mchezo."

Jecha, bado amepiga magoti, akamwitikia kwa kichwa kwa nguvu: kubali, kubali. Duni mlangoni akatamka kwa midomo bila ya sauti: sema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. Likisemwa, sanduku linafungwa Maskati jioni hiyo hiyo. Bi Mwanamwema alilitaka neno lile kuliko kitu chochote, na likamkwama.

"Mchezo ulikuwa wa nyumba, Kheir," akasema. "Yale ya baba yako hayakuwamo. Yale yalikuwa yako. Nlikuwa nayo siku nyingi, sina pa kuyaweka. Nkamwambia Jecha."

Jecha akashusha kichwa. Kule Maskati Kheir akageuza uso ukutani, na Bi Mwanamwema akaogopa kwamba amemmaliza mtoto wake kwa mara ya pili, na mara hii mzima mzima, bila ya kukatwa.

"Nlijua," Kheir akasema mwisho. "Uliposema alasiri nkajua. Mtu mwengine hajui habari ya alasiri."

"Kwa nini hukuja?"

Hakuwahi kumuuliza swali hilo. Siku ya mazishi, alipopiga simu, hakumuuliza, wala Ijumaa zote zilizofuata.

"Ruhusa nlipewa, Mama. Nlikudanganya. Tiketi nlikuwa nayo, nkafika mpaka uwanja wa ndege. Nkaogopa kumwona vile. Nkakaa pale mpaka ndege ikaondoka, nkarudi nyumbani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipoona kile kipande nkasema ndo haki yangu."

Bi Mwanamwema hakujua kama aliyoyasikia ni mabaya zaidi au ni mepesi zaidi. Miaka yote alimkasirikia mtoto aliyezuiwa na kazi, kumbe alikuwa na mtoto mwoga amekaa peke yake uwanja wa ndege. Alijikuta analia, na hasira ameitafuta mahali pake hakuipata. Kwa pembe ya jicho akaiona simu ya Mmanga juu ya kijiti chake, kitaa chekundu kinawaka.

"Mmanga, zima."

"Mama, hii ndo sehemu ya mwisho yenyewe," Mmanga akamnong'oneza, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Hakuna mtu ataweza kuiandika hivi. Watu wakiona hii..."

"Zima, na ufute. Na nyote tokeni."

Wakatoka. Duni alitoka wa mwisho, kwa uzito mkubwa. Aliyoambiwa Kheir baada ya hapo hayasimuliwi hapa, maana si ya mchezo na hayana mtazamaji. Ni maneno ya mama kumpa mtoto radhi, na maziwa yake kuyahalalisha, na jina la Mzee Mkubwa limetajwa ndani yake mara nyingi. Walioko barazani walisikia vilio viwili, kimoja karibu na kimoja kwa mbali.

Kheir alipoweza kusema alisema hivi: "Mama, nitumie tena maneno haya kwa sauti. Nataka niwe nayo njiani, niyasikilize mpaka nafika."

Bi Mwanamwema akafikiri. Kumtumia kulikuwa kubonyeza kidole tu.

"Aa," akasema. "Ya kukunyima yamo kwenye simu ya kila mtu. Haya nshakwambia wewe. Ukitaka kuyasikia tena, ukitoka Makka njoo hapa. Nitakwambia mbele ya kaburi la baba'ako, na yeye asikie."

Mdomo wa Kheir ulifunguka, na hapo hapo picha ikaganda, mtandao umekatika. Bi Mwanamwema akausogeza uso ule karibu na macho yake. Hakuweza kujua kama alikuwa anasema nakuja, au anaogopa tena.